Je, Filamu ya Siku ya Hukumu Bado Ina Neno Kwetu?

Siku ya Hukumu ilipangwa iwe Ijumaa, tarehe 29 Agosti 1997. Ndivyo inavyosema filamu ya Terminator 2, iliyotoka Marekani mwezi Julai 1991 ikiwa na jina la pili lenye maana hiyohiyo: Siku ya Hukumu. Siku hiyo, kwa mujibu wa filamu, mtambo wa kompyuta uitwao Skynet, uliokabidhiwa silaha za nyuklia za Marekani, unapata ufahamu wake wenyewe. Wanadamu wanaogopa na kujaribu kuuzima, nao unajibu kwa kuanzisha vita inayoua watu bilioni tatu. Basi, Ijumaa hiyo ilifika. Watu wa Kibaha walipanda mabasi kwenda Dar es Salaam, watu wa Kisarawe walikwenda shamba, jua likazama, na Jumapili yake watu wakaenda ibadani kama kawaida.

Kwa hiyo vijana wetu wa Kibaha walipoomba kuitazama filamu hii katika ukumbi wa usharika, swali la mzee mmoja wa kanisa lilikuwa la haki: kitu kilichotabiri mwisho wa dunia kikakosea, kina faida gani leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye? Jibu langu ni kwamba bado kina faida, tena kubwa, ila si kwa sababu zile zinazotajwa na wengi. Na mahali filamu inaposifiwa zaidi kwa uadilifu wake, hapo hasa ndipo ninapoona inapwaya.

Kwa wasioijua, nitaieleza kwa kifupi. Kutoka wakati ujao zinatumwa mashine mbili zenye umbo la mwanadamu. Moja, iliyoigizwa na Robert Patrick, imetumwa kumuua mtoto aitwaye John Connor, ambaye atakapokuwa mtu mzima atawaongoza wanadamu kuishinda Skynet. Nyingine, ambayo ni Arnold Schwarzenegger mwenyewe, imetumwa kumlinda. Mama wa mtoto, Sarah, amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu anawaambia watu kwamba dunia inaungua na hakuna anayemwamini. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1984, Arnold alikuwa muuaji. Katika hii ya pili sura ileile imerudi, lakini imekuja kuokoa.

Wa rika langu waliokulia mkoa wa Pwani wanakumbuka tulivyoziona filamu za namna hii. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kulikuwa na mkanda, deki, jenereta na kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na joto la kukata pumzi. Kiingereza hatukukijua, basi tulisimuliana. Baadaye walikuja watafsiri walioingiza sauti zao juu ya mikanda, Lufufu akiwa ndiye aliyejulikana kuliko wote, na wao hawakutafsiri tu bali walihubiri: walimwonya stelingi, walimcheka adui, walitoa mawaidha ambayo mwandishi wa filamu hakuyafikiria. Nadhani hiyo ndiyo njia nzuri ya kutazama filamu. Ninayoandika hapa ni tafsiri ya namna hiyo.

Kuhusu ufundi sitakaa sana. Simu za vibandani zimepitwa, kompyuta zinachekesha. Lakini yule adui wa kimiminika, anayepita kwenye nondo za mlango kama maji na kuinuka tena kutoka sakafuni, bado aliwafanya vijana wetu wanyamaze, nao ni watu waliozoea kuona kila kitu kwenye simu. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, na mtu akiitazama leo anaona kwa nini.

Suala la tarehe ni zito zaidi. Filamu ilikosea tarehe, lakini kwa kweli haikuwa na nia ya kuitetea. Hadithi nzima ni ya watu wanaojaribu kuifanya tarehe hiyo iwe ya uongo. Hapo ndipo inapofanana na kitabu cha nabii Yona kuliko inavyofanana na wahubiri wengi wa siku za mwisho. Yona alipewa tangazo lenye idadi ya siku: arobaini, kisha Ninawi utaangamizwa. Siku arobaini zikapita na Ninawi ukasimama, kwa sababu mfalme alishuka kwenye kiti chake akaketi majivuni. Nabii alikasirika kwa kuwa neno lake halikutimia. Mungu akamuuliza kama hastahili kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia wala wa kushoto, na wanyama wengi pia. Unabii wa hukumu katika Biblia mara nyingi uko hivyo. Unatolewa ili usitimie.

Anayetangaza tarehe leo ni mtu wa namna nyingine. Yeye anataka itimie. Bwana wetu alisema waziwazi, katika Marko 13:32, kwamba siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, hata Mwana. Mtu anayedai kujua kile ambacho Mwana alisema hakijui, anajiweka juu ya Mwana. Matokeo yake Afrika Mashariki tumeyaona kwa macho. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada baada ya kufundishwa kwamba dunia ingeisha pamoja na mwaka 1999, na mwaka huo ukapita. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, tangu Aprili 2023 yalifukuliwa makaburi msituni, na miili iliyotolewa ikapita 400, wengi wao watu waliofunga mpaka kufa wakitumaini kumwona Yesu. Walikuwemo watoto. Mtoto wa miaka minne hafungi kwa imani, ananyimwa chakula.

Huku kwetu mambo hayajafika huko, lakini tusijidanganye. Upande wa Kisarawe nimezika mzee ambaye mwanawe aliuza nusu ya shamba la mikorosho kwa bei ya kutupa, kwa sababu mhubiri mmoja aliyepita na vipaza sauti alimhakikishia kwamba hakutakuwa na msimu mwingine wa korosho. Misimu imekuja mingi. Mnunuzi anavuna. Kijana yule hadi leo haji kanisani. Si letu tu, hakuna kanisa analoingia. Ukimkaribisha anakwambia kwa upole kabisa kwamba amekwisha kusikia neno la Mungu, lilimgharimu ekari tatu. Sina jibu la haraka la kumpa mtu huyo, na ninawaonya wainjilisti wenzangu wasijaribu kumpa.

Wathesalonike nao waliingia mtego huo. Baadhi yao waliambiwa kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na katika waraka huohuo wa pili Mtume Paulo anawakemea watu wanaozurura bila kufanya kazi. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Kuna usemi unaopendwa sana katika makanisa yetu ya Kilutheri, kwamba Martin Luther alisema hata angejua dunia itakwisha kesho, leo angepanda mti wa tufaha. Usemi ni mzuri, ila katika maandishi yake haumo. Ulianza kuonekana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, karibu miaka mia nne baada ya kifo chake. Ninautaja kwa sababu tunaowaonya watu dhidi ya unabii wa kubuni tusiwe na nukuu za kubuni.

Luther wa kweli ana neno gumu zaidi kwa filamu hii. Katika filamu kuna usemi unaorudiwarudiwa, ambao Sarah anauchonga kwa kisu juu ya meza: kwamba hakuna majaaliwa ila yale tunayojitengenezea wenyewe. Vijana waliupenda. Mmoja, dereva wa bodaboda, alisema atauandika nyuma ya pikipiki yake. Lakini mwaka 1525 Luther aliandika kitabu kizima kumjibu Erasmus, akisema kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa. Je, Mlutheri anaweza kuuandika usemi huo kwenye pikipiki?

Anaweza, akijua mipaka yake. Luther alitofautisha mambo yaliyo chini yetu na mambo yaliyo juu yetu. Kununua ng'ombe au kutonunua, kujenga, kupanda, kuwasha mtambo au kuuzima, katika hayo mwanadamu ana uchaguzi na atatolea hesabu uchaguzi wake. Kujiokoa mbele za Mungu hawezi, kama maiti asivyoweza kujichimbia kaburi. Sarah Connor anashughulika na mambo ya chini: baruti, maabara, kompyuta. Hapo yuko sahihi kabisa. Silaha za nyuklia hazikuletwa na majaaliwa. Zilibuniwa na watu, wakalipwa mishahara, wakaenda nyumbani kula chakula cha jioni na familia zao. Mkristo anayesema kwamba vita, mafuriko ya bondeni na ajali za barabara ya Morogoro ni mapenzi ya Mungu tu, bila kuuliza ni nani aliyeuza kiwanja cha bondeni na ni nani aliyeendesha amechoka, anamsingizia Mungu kazi ya watu. Kosa la usemi ule linaanza pale mtu anapoupandisha juu na kudhani kwamba hata msamaha wake atautengeneza mwenyewe.

Niseme sasa kuhusu mashine, maana siku hizi hakuna semina ya vijana inayokwisha bila swali la akili mnemba. Je, mashine zitatuua? Hapa filamu imezeeka, na imezeeka kwa kutupa heshima tusiyostahili. Inadhani kwamba mashine ikipata akili itatuchukia. Chuki ni jambo kubwa. Huwezi kumchukia mtu bila kumtambua kwamba yupo. Hatari ninazoziona katika ofisi ya mchungaji hazina chuki ndani yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Washarika wetu wanazijua. Unakopa shilingi elfu hamsini usiku mtoto akiwa na homa, na ukichelewa, ujumbe unakwenda kwa mkweo, kwa mwajiri wako, kwa mwenyekiti wa kwaya, kwamba wewe ni tapeli. Programu haikuchukii. Haijui kwamba una mkwe. Imepewa orodha ya majina kutoka kwenye simu yako na imeambiwa itume. Aliyeiambia ni mtu, ana jina, na analala vizuri.

Mwanamke mmoja aliniambia kwamba aibu ile ilimfanya atamani kufa. Hapakuwa na bunduki wala macho mekundu ya chuma, palikuwa na simu inayotetema chini ya mto saa nane za usiku.

Tarehe 26 Septemba 1983, mwaka mmoja kabla ya filamu ya kwanza kutoka, afisa wa jeshi la Umoja wa Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha kutazama makombora ya Marekani. Mitambo ikamwambia kwamba kombora limerushwa, kisha mengine, jumla matano. Kanuni zilimtaka atoe taarifa ya shambulio. Alifikiri: nani anaanza vita ya nyuklia kwa makombora matano? Akaripoti kwamba mitambo imekosea. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu. Skynet katika filamu ni kituo kilekile, Petrov akiwa ameondolewa. Swali la maana kwetu basi si kama mashine ina roho. Tuulize kama mahali pa uamuzi amebaki mtu anayeweza kusema hapana, na kama mtu huyo amelelewa hata akathubutu kusema. Hilo la pili ni kazi ya kipaimara.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mama wa Mlandizi na kila bibi wa Maneromango akione, hata kama hatatazama filamu yote. Mtoto John anampigia simu mama yake wa kulea. Sauti inayojibu ni ya mama huyo, yenye upole kuliko kawaida. Mlinzi wake anachukua simu, anaiga sauti ya mtoto, na kuuliza habari za mbwa kwa jina ambalo silo. Sauti inajibu kwamba mbwa hajambo. Hapo wanajua kwamba mama ameshakufa na anayeongea ni muuaji. Mwaka 1991 hiyo ilikuwa hadithi ya kubuni. Leo, katika nchi ambayo kila mtu amewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na sauti ya mtu inaweza kuigwa, ni elimu ya kawaida ya nyumbani. Ulizeni jina la mbwa. Yesu alisema kondoo wanaijua sauti ya mchungaji. Hakusema kwamba kila sauti nzuri ni yake.

Sasa nifike pale filamu inaposifiwa kwa uadilifu wake. Mtoto John anagundua kwamba mlinzi wake yuko tayari kuua mtu yeyote, naye anamwamuru asiue. Mashine inauliza kwa nini. Mtoto hana jibu, anasema tu kwamba huwezi kuua watu ovyo. Mashine inaapa. Kuanzia hapo inawapiga watu risasi za miguuni. Baadaye, imezingirwa na polisi wengi, inafyatua risasi nyingi mno, kisha tunaonyeshwa hesabu ndani ya macho yake: vifo vya watu, sifuri. Ukumbi wetu ulishangilia. Stelingi ameshika Amri ya Tano.

Mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu hakushangilia. Alisubiri kelele zitulie akaniuliza, "Baba Mchungaji, na wale waliovunjwa magoti, nani anawauguza?"

Wale wanaoijua hospitali ya Tumbi wataelewa swali hilo linatoka wapi. Ajali za barabara kuu huishia pale. Mama huyu ameona miguu ya vijana wa bodaboda kwa miaka mingi, na anajua kwamba sifuri ya vifo haimaanishi sifuri ya maumivu. Goti lililopondwa ni kazi iliyopotea, ni mke anayebeba maji peke yake, ni mtoto aliyeacha shule. Bila kukitaja kitabu, alikuwa ametoa mafundisho ya Katekisimu Ndogo. Luther anapoeleza amri ya kutoua hasemi tu kwamba tusimdhuru jirani katika mwili wake. Anaongeza kwamba tumsaidie na kuwa marafiki zake katika kila haja ya mwili. Amri ina nusu mbili. Mashine ile iliweza nusu ya kwanza, tena robo yake: haikuua. Nusu ya pili haikuifikia hata kwa mawazo, na filamu haikuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Hilo ni upungufu mkubwa, nao ni wetu pia. Wakristo wengi tunajihesabu kama mashine ile. Sijaua, sijaiba, sijazini: sifuri, sifuri, sifuri. Tumeacha nyuma yetu watu wanaochechemea, na daftari letu ni safi. Mwajiri wa msichana wa kazi hajamuua. Anamlipa elfu thelathini kwa mwezi na kumlaza jikoni. Ndugu waliogawana shamba la marehemu hawajamuua mjane.

Ajabu ni kwamba filamu hiyohiyo, iliyokosa kuona magoti ya askari, ina tukio moja ambalo ningelihubiri madhabahuni. Skynet itabuniwa na mhandisi aitwaye Miles Dyson, aliyeigizwa na Joe Morton. Sarah anaamua kumuua kabla hajaibuni. Anakwenda nyumbani kwake usiku na bunduki. Dyson yuko mezani, anafanya kazi. Mwanawe mdogo anachezea gari la kuendeshwa kwa mbali. Mtu huyu hajafanya kosa lolote bado. Ni baba mwenye bidii anayepuuza familia yake kidogo kwa ajili ya kazi. Sarah anamjeruhi, anamfuata ndani, anamwelekezea mtutu usoni. Mtoto anamlalia baba yake akiomba asiuawe. Na Sarah, aliyekwenda kuzuia mashine zisiangamize watu, anajiona jinsi alivyogeuka kuwa mashine. Anakaa chini na kulia.

Nasoma hapo Matendo ya Mitume sura ya 9. Sauli naye alikuwa mtu wa hatari, tena yeye alikuwa ameshatenda. Anania wa Dameski aliambiwa aende nyumba alimo, kwenye njia iitwayo Nyofu. Alipinga kwanza, na alikuwa na sababu: amesikia mabaya mengi ya mtu huyu. Kisha akaenda, akaingia, akaweka mikono juu yake na kumwita ndugu. Nyumba mbili, wageni wawili, mmoja na bunduki na mwingine na mikono mitupu. Fikiri kama waumini wa Dameski wangemtuma Sarah. Tungekosa nyaraka za Paulo, na wangejiona wameliokoa kanisa.

Tena angalia kinachofuata. Dyson anapoelezwa kazi yake itazaa nini, anasema anahisi kutapika, kisha yeye mwenyewe anawaongoza kwenda kuiharibu maabara yake, na anafia humo. Aliyekuwa auawe ndiye pekee aliyekuwa na uwezo wa kuzuia hukumu. Angekufa saa moja mapema, mlango wa maabara ungebaki umefungwa.

Tunaishi katika nchi ambayo mtu akipigiwa kelele ya mwizi sokoni, magazeti ya kesho yataandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni bado anaweza kuhukumiwa kwa mvua iliyokosa kunyesha. Wote hawa wanauawa na watu wanaoamini kwamba wanaokoa jamii. Nimemsikia msharika mwaminifu, mtoa zaka, akieleza jinsi kijana alivyochomwa moto karibu na kituo cha basi kwa kudhaniwa kuiba pikipiki, na akamalizia kwamba sasa pikipiki haziibiwi tena. Sikumjibu kwa hotuba. Nilimuuliza umri wa kijana yule. Hakuujua. Nilimuuliza kama alikuwa na mama, akanyamaza. Sarah alizuiwa na mtoto aliyekuwa chumbani, na wakati wa kelele za mwizi mtoto hayupo, ameachwa nyumbani akimsubiri baba. Anayeweza kuwa mtoto huyo mahali pale ni Mkristo mmoja atakayesimama katikati, na ninajua ninachokiomba: anaweza kupigwa naye.

Niliulizwa pia kuhusu mwisho. Mashine njema, baada ya kumshinda adui, inaeleza kwamba ndani ya kichwa chake kimebaki kipande cha mwisho kitakachoweza kuizaa Skynet. Inaomba ishushwe katika chuma kinachochemka. Mtoto analia na kuiamuru isiende, nayo, iliyomtii kwa kila kitu, katika hilo inakataa. Vijana kadhaa walisema hiyo ni picha ya Kristo. Ninaelewa kwa nini, lakini napenda tuwe waangalifu. Yesu alisema katika Yohana 10 kwamba anautoa uhai wake mwenyewe, na ana uwezo wa kuutoa na wa kuutwaa tena. Mashine inaondoa hatari iliyo ndani yake. Kristo hakuwa na hatari ndani yake, alibeba yetu. Pia mashine haikuwa na hofu, na Gethsemane ilikuwapo hofu na jasho. Bila Gethsemane, Golgotha ingekuwa kazi ya mtambo.

Kinachonigusa zaidi ni neno la Sarah jangwani, akimtazama mwanawe akicheza na mashine ile. Anawaza kwamba kati ya wanaume wote waliopita nyumbani mwake kama baba, mashine hii peke yake ndiyo inayofaa: haitamwacha mtoto, haitamfokea, haitalewa na kumpiga, haitasema haina nafasi. Mwanatheolojia ana jibu lake. Upendo usiogharimu kitu si upendo. Mashine haichoki, kwa hiyo uvumilivu wake si fadhila. Jibu hilo ni sahihi. Lakini vijana watatu katika ukumbi ule waliinamisha vichwa wakati wa tukio hilo, na mmoja wao namjua baba yake. Kwa mtoto anayesubiri mlango ufunguliwe saa tano za usiku, akisikiliza hatua kujua kama ni za leo kupigwa au leo kuachwa, tofauti kati ya fadhila na programu si kitu. Angeichukua mashine. Wababa wa Kikristo tukisikia kwamba vijana wanazungumza na simu zao usiku kucha kuliko wanavyozungumza nasi, tusianze na lawama kwa simu.

Kwa sharika zinazotaka kuionyesha filamu hii: ina urefu wa saa mbili na dakika kumi na saba, kwa hiyo anzeni mapema, hasa mitaa ya Kisarawe ambako watu wanarudi kwa miguu. Ina damu na matusi, na ndoto ya Sarah ya mji unaoungua ni nzito sana, basi watoto wa shule ya Jumapili wasiwepo. Isimamisheni mara moja katikati, baada ya Sarah kukaa chini nyumbani kwa Dyson, mkaacha watu waongee kabla ya kuendelea. Sisi tulisimama hapo kwa dakika kumi, zikawa arobaini, na ilibidi sehemu iliyobaki tuitazame Jumamosi iliyofuata. Na kama mnaye muuguzi mstaafu, mwekeeni kiti mbele.